Mwaka Niliosomea Doti

"Zikiwa mbili, na zimefanana kila kitu, wewe unajuaje ni ipi iliyoenda huku na ni ipi iliyoenda kule?" Shangazi Mkamburi aliniuliza swali hilo akiwa na makasi mkononi, ndani ya kibanda chake cha leso katika soko la Voi, na mimi, niliyekuwa na digrii moja ya fizikia na nusu ya digrii ya pili, sikuwa na jibu. Nilisema kitu, bila shaka. Umri ule sikujua kunyamaza. Nilihoji kila jambo, kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi wakati wa kutia chumvi kwenye maharagwe, na mtu wa kuhoji kila jambo huzoea kuwa na maneno tayari. Lakini nilichosema siku ile hakikuwa jibu, na Shangazi alilijua hilo, maana alinitazama kidogo juu ya miwani yake kisha akarudi kwenye kitambaa.

Tulimzika mwezi uliopita huko Chawia, kwenye shamba la migomba linaloshuka kwa matuta, asubuhi ya ukungu iliyowatetemesha watu wa Voi waliopanda mlima na nguo nyepesi, hadi wenyeji wakawaazima masweta. Waliozungumza walikuwa wengi, na karibu kila aliyesimama alitaja kwamba marehemu alikuwa na mpwa aliyesomea leso mpaka chuo kikuu. Hata mchungaji alisema. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa nimejifunga leso ya Shangazi kiunoni, nisimrekebishe yeyote. Zamani ningesimama. Ningeomba dakika moja nieleze. Nadhani uzee huanza hivyo, siku ambayo mtu anasikia kosa linalomhusu na akaona ni afadhali liendelee kuishi.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye simu. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Msimamizi wa tasnifu yangu Nairobi, mtu mpole ambaye upole wake ulikuwa unaniumiza kuliko ukali, aliniita ofisini akaniambia kwamba hesabu zangu za elektroni tatu haziaminiki. Alisema nijipe muda mbali na pale, nikiziweka sawa nirudi, na nisipoweza, duniani kuna mambo mengine mema ya kufanya. Kazi yangu haikuhitaji maabara, ilihitaji laptopu na mahali pa kulala, kwa hiyo nilimpigia Shangazi kumwomba chumba. Akaniuliza kwani ninasomea nini hasa siku hizi. Mtandao ulikuwa mbaya, na mimi nilikuwa na uchovu, nikamjibu kwa mkato, "Kwantamu doti." Neno la kwanza lilipotelea njiani. La pili lilifika salama kwa mwanamke aliyeuza leso maisha yake yote, ambaye kwake doti ni kitu kimoja tu: leso mbili pacha, zilizochapwa pamoja kwenye kitambaa kimoja, zenye rangi moja, maua mamoja na jina moja. Kufikia siku niliposhuka Voi na begi langu, soko zima lilikuwa limeambiwa kwamba chuo kikuu hatimaye kimeanza kusomesha kitu cha maana.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Sofia, vyumba viwili chini ya mabati yaliyolia mchana kwa joto kama mtu anayekunja vidole. Chumba kimoja alilala yeye. Cha pili kililala leso, na sasa mimi pia, kwenye kitanda kilichobanwa kati ya marobota yaliyofika dirishani. Harufu ya chumba kile ninaweza kuitambua popote: wanga wa kitambaa kipya, vumbi jekundu, na mafuta ya taa tuliyoweka kwa ajili ya siku za umeme kupotea. Nilifanya kazi nikiwa nimeegemea doti za kijani, laptopu juu ya doti za zambarau, na Shangazi alipoingia kuchukua bidhaa aliniinua kama anavyoinua mtu kuku aliyelalia mayai, taratibu, bila kuniuliza kama nimemaliza. Asubuhi tulikula viazi vitamu na chai ya rangi. Jioni, akiwa hajachoka sana, alipika kimanga, akaponda mihogo na maharagwe hadi mwiko ukasimama wenyewe, na mimi nilikula nikimweleza kwa mara nyingine kwamba doti yangu si doti yake.

Nilimweleza kwamba doti yangu ni nukta. Ni kipande kidogo mno ndani ya madini yanayofanana na yale ya ndani ya simu, kidogo kiasi kwamba elektroni mbili au tatu zikitiwa humo hujikuta kama punje chini ya bakuli. Elektroni hazipendani, kila moja inaisukuma nyingine, lakini bakuli halina mlango. Kisha tunaleta sumaku yenye nguvu sana. Sumaku inazibana zizunguke karibu na katikati, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo zinavyozidi kusukumana. Kwa muda zinavumilia. Unaongeza nguvu ya sumaku, hakuna kinachobadilika, unaongeza tena, hakuna, halafu ghafla zinaruka zote pamoja hadi kwenye duara pana zaidi na kupanga upya jinsi ya kukaa. Hazisogei kidogo kidogo. Zikiwa mbili, mwanzo hukaa kama mke na mume waliolala mzungu wa nne, kila moja na upande wake. Sumaku ikizidi, moja inageuka, zote zinaelekea upande mmoja, na papo hapo zinapata njia ya kukaa mbali zaidi. "Zinaelekea upande mmoja ili zikae mbali," Shangazi alirudia, akilamba mwiko. "Hao nawajua. Wanaimba kwaya moja." Akaniuliza ni nani anayeigeuza hiyo moja. Nikamwambia hageuzi mtu. Akasema basi hesabu hiyo haijaisha.

Sokoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilikwenda kumsaidia siku za wateja wengi, na wanawake waliokuja walitaka kumwona msomi. Mmoja aliyetoka Kasigau, ambaye alikuwa ametusimulia kwa kirefu jinsi ndovu walivyomaliza mahindi yake na kumwachia bua moja la kumkejeli, alinishika mkono akaniuliza kwa heshima kubwa kama rangi nyekundu ya msimu ule itachuja. Nilimwambia mimi ninasomea elektroni. Alitafakari. "Za leso?" aliuliza. Bi Zuhura, aliyeuza viungo kibanda cha pili na ambaye alikuwa rafiki wa Shangazi kwa ugomvi na kwa mapatano, alicheka hadi akamwaga bizari. Tangu siku hiyo aliniita Profesa, na kila nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, Profesa, leo doti zimelalaje?"

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa muuzaji mwingine. Hakuuza nusu ya doti kwa mtu mmoja. Ukitaka leso moja tu, ulete mwenzako anayetaka ya pili, na mje pamoja. Hapo aliwasimamisha mkabala, kila mmoja ameshika ncha yake, kitambaa kimenyooka kati yao, akasema, "Vuteni, lakini msinyang'anyane," akapitisha makasi katikati kwa mkono mmoja bila kusimama. Aliamini kwamba mtu akiondoka na kipande bila kumwona aliyechukua cha pili, kipande hicho kitakuwa cha upweke. Nilimwambia kitambaa hakina upweke. Alisema ni kweli, mwenye upweke ni anayekivaa. Siku ile ya swali walikuja wasichana wawili waliokuwa wanamaliza shule, marafiki, wanaachana mmoja aende Mombasa na mwingine arudi Mboghoni kwenye mashamba ya ndizi. Walichagua doti ya rangi ya chungwa iliyoandikwa *Nimekuzoea ndiyo maana sikuulizi*. Makasi yalipopita wakazichanganya mikononi kwa makusudi, wakicheka, hata wasijue nani alikuwa na ipi, na nikaona nafasi ya kufundisha. Nikamwambia Shangazi, tazama, elektroni zangu mbili ni kama hivyo, zimefanana kabisa, moja huku na moja kule. Ndipo aliponiuliza, makasi mkononi, ninajuaje ni ipi.

Leo ningemjibu. Ningemwambia kwamba sijui, na si kwa sababu macho yangu ni mabovu au vyombo havijawa vikali. Leso mbili ukizikagua kwa darubini utaona uzi mmoja umekatika kwenye hii na si kwenye ile, na hapo zina majina. Elektroni hazina uzi uliokatika. Hakuna ipi. Ukiuliza ni ipi iliyokwenda huku, umeuliza jambo ambalo ulimwengu wenyewe hauna habari nalo. Nilikuwa nimefaulu mitihani iliyouliza hivyo hivyo, niliweza kuandika sheria yake ubaoni nikiwa nimefumba macho, lakini nilikuwa siiamini. Mtu mwenye shaka huamini kwamba nyuma ya kila pazia kuna kitu kimefichwa. Kwamba nyuma ya pazia fulani hakuna kitu, hilo lilinitisha. Kwa hiyo siku ile nilisema, "Zina namba, Shangazi," nikaona aibu hapohapo, kwa sababu haikuwa kweli, na kwa sababu aliridhika.

Katikati ya mwaka, mwalimu wa fizikia wa shule moja ya upili ya wasichana pale mjini alihamishwa, na mwalimu mkuu, Bi Mghoi, mteja wa Shangazi wa miaka mingi, akaniomba niwashikie kidato cha tatu alasiri chache. Nilikubali ili nitoke kwenye joto la mabati. Sikutegemea kupenda. Wasichana wale walibishana nami kama nilivyobishana na wengine, na nilirudi nyumbani jioni nikiwa na sauti iliyokauka na moyo mwepesi. Kwenye chumba cha walimu nilikaa karibu na Mutua, mwalimu wa kemia, Mkamba mrefu mwenye utani mkavu, aliyetazama kurasa zangu zilizojaa hesabu akasema kwao mtu akiandika hivyo anapelekwa kuombewa. Nilimwonyesha tatizo langu. Sumaku ikizidi sana elektroni zote tatu huelekea upande mmoja, na mzunguko wao wote kwa pamoja unaweza kukaa kwenye tatu, ukiruka unafika sita, halafu tisa. Kati ya hapo hakuna kituo. Programu yangu ilikuwa inasimama kwenye nne. Kila nilipoiendesha, kwa njia yoyote, ilisimama kwenye nne kama basi lililoharibika. Mutua alifikiri, akauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Agosti, shule ilipokuwa inafungwa, Bi Mghoi aliniita akaniambia bodi imekubali kuniajiri kuanzia muhula wa tatu, na kazi ya kudumu ikitokea jina langu litakuwa mbele. Aliongeza, bila ubaya, kwamba shule haiwezi kusubiri: nijibu kabla ya kufunguliwa, ama atafute mtu. Wiki hiyohiyo msimamizi wangu aliandika kuuliza kama ninarudi, maana nafasi yangu isingeshikiliwa kupita mwaka huo. Basi nikawa na milango miwili na miguu miwili. Upande mmoja kulikuwa na kazi niliyoiweza, watoto niliowapenda, kimanga, mji ambao kila mtu ndani yake alinijua kwa kosa lakini alinijua. Upande mwingine kulikuwa na nne. Nisingeweza kumwambia yeyote kwamba nitaiondoa, kwa sababu sikujua ilitoka wapi, na baada ya miezi yote ile nilianza kufikiri kwamba haikuwa kwenye programu bali kichwani mwangu, kwamba sikuwa na akili ya kutosha kwa kazi hii na kila mtu alikuwa ameliona hilo isipokuwa mimi.

Nilitaka mtu aniambie la kufanya. Ni ajabu kulikiri kwa mtu niliyekuwa. Alasiri moja nikiwa nimelala kati ya marobota, nikawasikia Shangazi na Bi Zuhura upande wa pili wa pazia wakichambua mchele. Bi Zuhura alisema kazi imemfuata mtoto mpaka mlangoni, itakuwaje aiache kwa sababu ya vitu ambavyo hata havionekani, na kwa nini Shangazi, mkubwa wake, hamwambii akae. "Nikimwambia akae, ataondoka," Shangazi alijibu. "Nikimwambia aende, atakaa. Huyu huwezi kumsukuma, Zuhura, hata chumvi anaihoji." Bi Zuhura akauliza basi yeye mwenyewe angependa lipi. Nilisikia mchele ukipepetwa, juu, chini, juu. "Mimi ningependa akae," Shangazi alisema. "Lakini kupenda kwangu ni kwangu." Kisha wakahamia kwenye bei ya iliki.

Ningepaswa kutosheka na hayo, lakini jioni nilimwuliza usoni. Tulikuwa tumekaa nje kwenye mkeka, upepo wa Voi ukitutupia mchanga kwenye sahani, mlima wa Sagalla umekuwa wa buluu. Nikamwambia, "Shangazi, niende au nikae?" Alitafuna akamaliza. "Unaniuliza ili nikijibu unipinge," alisema, "halafu ukipinga ujue unachotaka. Mimi si ukuta wa kupigia mpira, Wakio. Kula." Nilikasirika. Nilitaka kutetea haki yangu ya kuuliza, nikaeleza kwa kirefu kwamba swali ni swali, na yeye akaniongezea mchuzi. Usiku ule nilimwona kama mtu aliyenikwepa. Siku mbili tatu baadaye nilikwenda kwa Bi Mghoi nikamshukuru na kukataa, kwa sauti iliyokuwa imara mpaka nilipofika getini. Mutua alinisindikiza hadi barabarani akaniambia kemia haina nne, nikibadili nia nijue njia. Shangazi alinisindikiza hadi stesheni ya treni. Hakulia, wala mimi. Aliniwekea viazi vilivyochemshwa ndani ya mfuko, akanirekebishia ukosi wa blauzi ambao haukuwa umepinda. Treni ilipoondoka nikajiambia nimekata kila kilichonishika nyuma, na nikianguka, ninaanguka hadi chini. Kwa miaka mingi nilisimulia uamuzi ule hivyo, kwa wanafunzi wangu hasa. Niliwaambia kuna siku mtu anaruka na hakuna kitu chini yake.

Nne niliiona mwishoni mwa Oktoba. Shangazi angependa sana niseme swali lake ndilo lililonifumbua, na Bi Zuhura hudai hivyo mpaka leo, lakini si kweli. Nilikuwa nafanya hesabu ya elektroni tatu kwa mkono, mstari kwa mstari, kama adhabu, nikagundua kwamba mahali fulani ndani ya programu, elektroni mbili zinapobadilishana nafasi, alama ya kutoa iliyotakiwa kutokea ilikuwa imeachwa. Alama moja. Niliirudisha, nikaendesha, nikakaa nikitazama: tatu, sita, tisa. Nilimpigia simu Shangazi nikamwambia nne imeondoka. "Nani?" aliuliza. Nikasema nne. "Haya," alisema, kwa furaha ya dhati, bila kujua ni msafiri gani huyo. "Na wewe umekula?" Mapema Januari nilitetea tasnifu yangu, nikapita. Alifunga kibanda, akapanda Chawia kuwaambia watu kwamba leso imepata daktari wake, ingawa udaktari wenyewe ulikuwa bado miaka mbele.

Baada ya maziko, tulipokuwa tumepanga foleni ya chakula, mtu mrefu mwenye upara alinigusa bega akaniuliza elektroni zinaendeleaje, au zimeshaombewa. Mutua sasa ndiye mwalimu mkuu wa shule ile ya Voi. Tulikula tukiwa tumesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha na nyasi zilikuwa zimelowa, na akaanza kunisimulia habari za Shangazi kama jambo ninalolijua, hadi alipoona uso wangu akagundua silijui. Wiki ile niliyoondoka, alisema, Shangazi alikwenda shuleni akakaa ofisini kwa Bi Mghoi na kumwomba asimwajiri mtu, aiache nafasi yangu hadi Januari, ikiwa huko Nairobi mambo yatanikataa. Bi Mghoi alisema watoto hawawezi kukaa bila mwalimu. Basi Mutua alivibeba vipindi vyangu juu ya vyake muhula mzima, na kila siku ya shule, saa ambayo wateja wa Kasigau hufika sokoni kwa wingi, Shangazi alifunga kibanda, akatembea juani hadi shuleni na sufuria ya wali kichwani, akakaa naye mpaka amalize kula.